Senta kando ya barabara kuu Nebbi–Arua: tuombeje fedha za usalama barabarani?

Mkaaji_WestNile:
Salaam wakuu. Senta yetu ya biashara iko kwenye lami kati ya Nebbi na Arua, Uganda, urefu wake kama kilomita moja. Shule ya msingi iko upande huu, kisima na soko upande wa pili. Mabasi hayapunguzi mwendo, na trela huegeshwa begani (ukingoni mwa lami) mbele ya geti la shule. Kaunti ndogo imeandika barua mbili wilayani kuomba matuta, jibu ni kwamba bajeti hakuna. Safari hii tunataka ombi lenye uzito. Tuanzie wapi?

Fundi_Mitaro:
Ndugu, barua zenu zilibisha mlango usio wake. Hiyo ni barabara ya taifa, mhandisi wa wilaya hana fungu la kuigusa hata akitaka. UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo mpelekeeni mhandisi wa stesheni ya matengenezo inayoshika kipande chenu. Nakala ziende wilayani, kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani) na kwa mbunge, pamoja na muhtasari wa kikao cha baraza kilichopitisha ombi.

Halafu acheni kuomba matuta. Onyesheni watu wanagongwa wapi, saa ngapi, wakifanya nini, na dawa aichague mhandisi.

Ombeni polisi wa trafiki rekodi za miaka mitatu. Shida kubwa huwa ni mahali, maana kitabu huandika "karibu na soko" tu. Tembeeni na askari anayeijua senta, mpime kwa tepu kutoka nguzo ya kilomita, kila ajali ipate mita zake. Kisha linganisheni na rejista ya kituo cha afya na hospitali. Aliyefariki wodini siku ya tano mara nyingi hubaki polisi kama majeruhi, na kipimo cha kimataifa humhesabu kila anayefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali. Msipomhesabu, mmeidhoofisha hoja yenu wenyewe.

Mwendo mnaweza kuupima kwa saa ya simu. Wekeni alama mbili za chokaa zilizoachana mita 100, mchukue sekunde za kila gari, kisha 360 mgawanye kwa sekunde hizo. Sekunde 4.5 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 7.2 ni 50. Msifupishe iwe mita 50: kidole kikikosea sekunde 0.2, gari la 80 litasomeka karibu 88. Pimeni magari 100 yasiyobanwa na gari la mbele. Mpimaji akae mbali na lami bila jaketi la kung'aa, maana dereva akidhani ni trafiki hushika breki. Pangeni mwendo wa magari hayo 100 kuanzia mdogo. Wa 85 kwenye orodha ndio mhandisi atakaouangalia kwanza.

Wanaovuka wahesabiwe siku ya soko na siku ya kawaida, watoto kwa safu yao.

Rangi_na_Vibao:
Naongezea upande wa ujenzi. Tuta la ghafla kwenye barabara kuu ni hatari. Usiku trela hulivamia likiwa na 80, la nyuma linaligonga, au dereva analikwepa kwa kupita begani, na begani ndiko watoto wanakotembea. Mwendo ushushwe kwa hatua: kibao cha kuingia senta, kibao cha 50, mistari ya mtikisiko (mbali na nyumba, kelele zake hazilaliki), ndipo kivuko kilichoinuliwa. Kimo sentimita 10, juu pawe bapa mita 4 hadi 6, na mteremko wa 1 kwa 15 ili basi lipite bila kuruka.

Miisho ya kivuko iachiwe njia ya maji kuelekea mtaroni. Ikizibwa, maji hutuama upande wa juu na msimu mmoja wa mvua unatosha kuleta shimo. Barabara ndogo za marram (changarawe) zinazoingilia hapo zitiwe lami angalau mita 20 za kwanza, la sivyo tope litafunika rangi nyeupe. Nguzo za vibao zimwagiwe zege na zichomelewe chuma cha kukingama chini ya ardhi, maana wezi wa vyuma chakavu huzing'oa.

Trela za mbele ya geti zitafutiwe maegesho kabla ya jambo lingine. Gari la 80 linahitaji takriban mita 130 kusimama, la 50 mita 65. Mtoto anayetokea nyuma ya trela haonekani hata kwa mita 20.

Mkaaji_WestNile:
Asanteni sana. Na fedha? Tumesikia kuna wafadhili.

Bajeti_Kwanza:
Gawanyeni ombi. Rangi, vibao, kufyeka nyasi na kujaza kingo za lami zilizokatika ni matengenezo, havihitaji mradi mpya. Njia ya miguu na maegesho ni jambo jingine. Mradi mpya hupita Kamati ya Maendeleo ya Wizara ya Fedha hatua kwa hatua hadi upembuzi yakinifu, na senta moja haifiki huko. Unganeni na senta nyingine za barabara hiyohiyo, au mwombe kazi iingizwe katika ukarabati mkubwa ukipangwa. Ukarabati huo ukiwa na fedha za Benki ya Dunia, masharti yake ya tangu Oktoba 2018 yanadai usalama barabarani utathminiwe.

Mfuko wa Usalama Barabarani wa Umoja wa Mataifa, ulioanza 2018, hupitisha fedha kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kamati ya senta ikiomba moja kwa moja inapoteza miezi.

Tarehe: mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni kufikia Desemba 31, makadirio Aprili 1, na hupitishwa kufikia Mei 31. Barua ya Aprili imechelewa. Ifike stesheni kabla Septemba haijaisha.

Kwa faida na gharama, iRAP, shirika la kimataifa la kutathmini usalama wa barabara, hukadiria kifo kimoja kuwa mara 70 ya pato la taifa kwa kila mtu, jeraha kubwa mara 17. Chukua mfano wa vifo 2 na majeraha makubwa 5 kwa mwaka: 140 na 85, jumla mara 225. Dawa ikipunguza robo, mnaokoa mara 56 kila mwaka. Kosa la kawaida ni kujumlisha asilimia: dawa ya 30 na ya 20 kwa pamoja hupunguza 44, kwa sababu ya pili hufanya kazi kwenye 70 zilizobaki. Mkaguzi akiona 50 ataanza kutilia shaka na hesabu nyingine.

Wekeni pia gharama ya kurudia rangi. Kivuko kilichofutika, dereva hakioni, na mtoto bado anakiamini.