Kuzunguka Ziwa Duluti na watoto na bibi yao: njia inapitika?

Kahawa_Chungu: Wakuu, habari za leo. Tunataka kuzunguka Ziwa Duluti kwa miguu Jumamosi ijayo, kwa daladala kutokea Arusha mjini. Tuko watu wazima wawili, watoto wa miaka 4 na 7, na bi mkubwa wa miaka 63 ambaye goti humsumbua akiteremka. Njia ikoje, inachukua muda gani, tubebe nini? Natanguliza shukrani.

Mkuyu: Karibu mkuu. Njia ni nyepesi ila si tambarare. Duluti ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, hakuna mto unaoingia wala kutoka, na kingo zake zimeinuka karibu pande zote. Kwa hiyo njia inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena. Hakuna kilima cha kukata pumzi.

Kinachosumbua goti ni mizizi. Mikuyu imeitandaza juu ya njia, na ule uliosuguliwa na nyayo hadi ukang'aa huteleza kama sabuni ukipata umande. Bi mkubwa akanyage udongo ulio kati ya mzizi na mzizi, asikanyage mgongo wa mzizi. Fimbo imfike usawa wa kiwiko. Kwenye mteremko aitangulize chini kwanza, kisha mguu wenye goti bovu, mzima ufuate.

Kwa mwendo wa mtoto wa miaka 4 tengeni saa mbili na nusu. Na amueni mapema: mkishavuka nusu ya mzunguko, kurudi si karibu kuliko kuendelea. Baada ya dakika 20 mwulizeni goti linasemaje. Likilalamika, yeye na mtu mzima mmoja warudi langoni.

Konda_Mstaafu: Pandeni daladala za Tengeru au Usa River, mshuke Tengeru. Ziwa liko kusini mwa barabara ya Moshi, yaani kulia mkitoka Arusha. Kutoka lami ni kama kilomita moja na nusu. Bi mkubwa apande bodaboda, goti alitunze kwa ajili ya msituni.

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Asubuhi hakuna shida, ila kurudi mchana mtagombea viti na matenga ya nyanya. Kama siku inabadilika, nendeni Jumapili.

Mama Wawili: Msitu ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kiingilio kinalipwa. Beba kitambulisho cha taifa (NIDA) ili mlipe kiwango cha Mtanzania, na uwe na pesa kwenye akaunti ya simu, maana malipo ya serikali yanapitia namba ya malipo.

Siafu sasa. Ukiona mstari mweusi unaokatiza njia, upana wa kidole, unametameta kama mafuta yanayotiririka, msisimame kuushangaa. Walio pembeni ya mstari huwa wameshapanda viatu. Beba mdogo, ruka, songa hatua kumi mbele, ndipo mkaguane. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi inatosha. Gauni na kandambili ni kujitafutia balaa. Akishang'ata, mbane kichwa kwa kucha umchomoe. Ukimvuta kiwiliwili, taya hubaki kwenye ngozi.

Kahawa_Chungu: Asanteni sana. Mdogo tumweke kwenye kigari? Na wanaweza kuchezea maji?

Mama Wawili: Kigari hapana, mizizi itakikwamisha tangu hatua za mwanzo. Beba kanga ya mbeleko, akichoka apande mgongoni. Majini wasiingie: ukingo unadidimia ghafla, na maji yaliyotuama yana hatari ya kichocho.

Mkuyu: Maji ya kunywa, lita moja kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto. Ndizi na karanga zikae ndani ya begi lililofungwa. Kima wakiona mfuko mkononi wanashuka. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, ahirisheni, hasa Machi hadi Mei. Tope la pale hushika soli, goti ndilo linalolipa.

Anzeni saa moja asubuhi, ndege ni wengi na Mlima Meru huwa bado haijajifunika mawingu. Vijia vinavyochepuka kupanda juu vinatoka nje ya msitu, msivifuate. Mkianza maji yakiwa mkono wa kulia, yabaki kulia mpaka mlione lango tena.