Walimu wa Nairobi, tupeane uzoefu: nani alikusaidia kuingiza laptopu darasani?

Mwalimu wa Dandora
Wenzangu, hamjambo? Mada hii nimeitamani muda mrefu. Ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013. Vifaa vilipoanza kufika shuleni 2016 vilikuwa tableti, pamoja na laptopu mbili za walimu, projekta na seva ndogo iliyobeba masomo, ili shule isihitaji intaneti kila mara. Vifaa zaidi ya milioni 1 vimegawiwa nchini. Habari za vifaa tumeziongea vya kutosha. Leo nataka tumzungumzie mwalimu. Nani alikaa nawe, akakuonyesha nini, hadi ukaweza kukitumia kifaa katika somo lako bila wasiwasi?

Nauliza kwa sababu wengi wetu kompyuta tumeijulia kwenye ripoti. Tunajaza TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu, tunapakia alama za watoto kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, na wengine hadi leo kazi hiyo tunamwachia kijana wa saiba, kwenye duka la intaneti. Mtu akishazoea hivyo, laptopu haimjii akilini anapoandaa somo la Jumatatu. Leteni visa vyenu.

Sayansi JSS, Kayole
Mimi niko upande wa wanaosaidia, kwa hiyo nitaeleza nilichoona.

Sisi wa JSS, yaani sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9), tulipoletwa katika shule za msingi mwaka 2023, walimu wengi waliotutangulia walituchukulia kama mafundi. "Mwalimu, hebu njoo, hii kitu imekwama." Unaenda, unabonyeza, inafunguka, unarudi darasani kwako. Kesho unaitwa tena kwa jambo lile lile. Huo si msaada, maana mwenzako hajajifunza kitu.

Kuna Madam mmoja wa Gredi ya 3, amekaribia kustaafu, mahiri sana katika kufundisha kusoma. Kwenye mafunzo ya walimu alikuwa akikaa nyuma kabisa. Hakutaka kushika kipanya mbele ya vijana, nami namwelewa: mwalimu mwenye heshima yake hapendi kuonekana anahangaika. Basi laptopu nikaiacha kabisa. Nikamuuliza, katika somo lako la Kiswahili, ni kitu gani kinakusumbua kila wiki? Akasema watoto ni wengi mno, hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, na wale wanaosema "kurara" badala ya "kulala" hawajui kama wanakosea.

Tukaanza na simu yake mwenyewe. Alirekodi hadithi fupi kwa sauti yake, akawachezea watoto kwa spika ndogo. Kisha vikundi vikawa vinasoma zamu kwa zamu huku vikirekodiwa, na baadaye vinajisikiliza. Wenzangu, watoto wale walijirekebisha wenyewe! Mmoja alisikia sauti yake akaomba arudie kabla hata ya kuambiwa. Madam ndiye aliyenitafuta baadaye, tena wakati wa chai, mbele ya kila mtu, akitaka kujua namna ya kuweka maandishi ya hadithi ile ukutani kwa projekta. Siku hizi walimu wa gredi za chini wakikwama humwendea yeye kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anza na tatizo la somo, na umsaidie mtu pembeni, akiwa na watoto wake mwenyewe. Kifaa kije baadaye.

Mwalimu wa Dandora
Hiyo ya kurekodi nimeichukua. Asante sana, mwalimu.

Hisabati, Kasarani
Naunga mkono, ila tusiyatupe mafunzo. Mimi nilifaidika CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, na wale wa enzi za SMASSE, mradi wa awali wa kuimarisha masomo hayo, watakumbuka utaratibu wake: panga, tenda, tazama, boresha. Sisi tumeuleta kwenye laptopu. Wawili tunaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, mwingine anakaa nyuma akitazama watoto wanakwama wapi. Kwa jiometria tunatumia GeoGebra, programu ya kuchora maumbo, haina malipo na ukishaiweka kwenye laptopu haili bando. Mafunzo ya siku moja yasiyo na mtu wa kukufuata hadi darasani, hayo ndiyo huyeyuka kabla wiki haijaisha.

Gredi ya 5, Embakasi
Mniruhusu niseme kuhusu muda, maana wanaotushauri huusahau. Kipindi cha gredi za juu za msingi ni dakika 35. Kutoa tableti kabatini, kuzigawa, kungoja ziwake, kisha kuzihesabu na kuzirudisha: nusu ya kipindi imekwisha. Nina watoto zaidi ya 70.

Kilichotuokoa ni Deputi, yaani naibu mwalimu mkuu, kukubali kuunganisha vipindi viwili mara moja kwa wiki. Kila tableti ina namba, kila kikundi kina kiongozi wake, na daftari la kusaini linakaa na mwalimu wa zamu. Zamani ufunguo wa kabati ulikuwa wa mwalimu mkuu peke yake, na sikumlaumu, kwa sababu kimoja kikipotea yeye ndiye anayeulizwa. Daftari lilipoanza kujazwa vizuri, ufunguo ukashuka wenyewe hadi kwetu.

Fundi, Luthuli Avenue
Mimi si mwalimu ila naletewa vifaa vya shule. Shida nyingi ni betri tu. Tableti ikifungiwa kabatini ikiwa imeisha chaji kabisa, ikakaa hivyo miezi, betri hufa. Kabla ya kufunga shule zichajini hadi karibu nusu, mzizime kabisa, zikae mahali pakavu. Halafu msirundike chaja zote kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, itashika moto.

Mwalimu, Mathare
Kwetu ni shule ya jamii, tableti za serikali hazikutufikia. Tuna laptopu moja ya mtumba. Nimeijaza majaribio ya sayansi ya PhET, yale ya kuigiza kwenye kompyuta, ambayo nilipakua mapema, yanafanya kazi bila intaneti. Watoto wanakuja mbele zamu kwa zamu kuunganisha balbu na betri kwenye skrini, halafu tunarudia kwa waya na balbu halisi mezani. Ni nani hapa karibu na Eastleigh au Huruma anayefundisha sayansi Gredi ya 6? Natafuta mwenzangu wa kuandaa naye somo kama alivyosema mwalimu wa Kasarani.

Sayansi JSS, Kayole
Mimi niko Kayole lakini Jumamosi napita Huruma. Nitumie ujumbe, nije na flashi yenye mada zako za muhula ujao.