Ushauri: intanshipu ya ukaguzi Posta au kazi ya nusu siku Kariakoo?

Binti wa G'mboto
Habari wakuu. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka jana, naishi na mama Gongo la Mboto. Nimehangaika na maombi miezi tisa, na sasa nafasi mbili zimekuja wiki moja.

Ya kwanza ni intanshipu ya mwaka mzima kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu iliyoko Posta, katikati ya Dar es Salaam. Posho 200,000 kwa mwezi. Wameniambia wazi kwamba Januari hadi Machi kutoka saa nne usiku ni kawaida, na safari za mikoani zipo. Nauli na chakula tu vinakula kama 130,000.

Ya pili ni kutunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, 350,000. Jioni nasoma, maana nimejiandikisha mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Mdogo wangu yuko chuo cha ufundi VETA, mama anauza vitumbua. Moyo uko Posta, tumbo liko Kariakoo. Nifanyeje?

Mkaguzi wa Zamu
Dada, kabla ya posho uliza nani atasaini uzoefu wako. Kufaulu mitihani peke yake hakukupi CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyethibitishwa. NBAA wanataka na miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha tarehe 31 Desemba kwenye godauni la saruji nikihesabu mifuko, kwa sababu kampuni nyingi hufunga hesabu siku hiyo. Vitabu vilionyesha mifuko ambayo sakafuni haikuwepo. Darasani hilo sikuwahi kulielewa.

Wa Kariakoo
Duka nalo ni shule. Nimetunza vitabu miaka miwili: PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, risiti za mashine ya EFD zilingane na mauzo. Kila kitu unakishika mwenyewe. Ila niseme ukweli, kila usaili niliokwenda baadaye waliniuliza nimewahi kukagua wapi, nikawa sina jibu.

Mama Wawili
Mwanangu, ukitoka Posta saa nne usiku, nyumbani unafikaje? Waulize kama wana usafiri. Na mama yako umwambie posho ni kiasi gani, asije akasikia "ofisi ya Posta" akaanza kukuhesabia mshahara.

Mdaiwa
Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakupa miezi 24 baada ya kumaliza kabla ya kuanza marejesho. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Ukitaka kuishi kwa posho, ishi nayo sasa.

Binti wa G'mboto
Asanteni sana. Mdaiwa, ndiyo, nina mkopo. Leo nimewapigia Posta: msimamizi ni CPA na atasaini. Likizo ya mitihani ni wiki mbili, bila posho. Gari la ofisi linashusha watu wakichelewa kutoka, ila linaishia Tazara. Halafu nimekwenda Kariakoo. Mwenye duka amekubali nije Jumamosi tu kwa 120,000 hadi Desemba. Mama amepiga hesabu kimya kimya, akasema tutabana.

Naanza Posta Jumatatu. Mama Wawili, kutoka Tazara usiku kuna bodaboda unayemwamini?

Mama Wawili
Yupo, ni jirani yangu. Njoo inbox.