Je, kuchemsha maji ya kisima kunaondoa floraidi?

Mama wa Tengeru

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mtaani kwetu Tengeru tulichangishana tukachimba kisima, na tangu maji yaanze kutoka, kundi letu la simu limegeuka darasa la sayansi ambalo kila mtu ni mwalimu. Mmoja ameandika kwamba maji yakichemshwa nusu saa, floraidi yote, yale madini yanayosemwa kutia meno madoa ya kahawia, hupanda na mvuke. Mwingine akaongeza kwamba ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika ndio floraidi yenyewe, kwa hiyo ukiuona ujue maji yamekwisha kusafika. Yupo anayesema kisima chetu hakina tatizo kwa kuwa maji yake ni maangavu, si kama ya ule mto wa Maji ya Chai, na yupo anayetushauri tutumbukize vipande vya mkaa kwenye ndoo tulale navyo hadi asubuhi.

Hoja ya kuchemsha aliileta shemeji yangu, mtu mzima anayeheshimika sana, na ujumbe wake umekwisha kusambazwa hadi kwenye kundi la wazazi wa shule. Sitaki kumwumbua mbele ya watu. Lakini nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na uji wake unapikwa kwa maji hayo hayo. Naomba mwenye ujuzi anieleze lipi ni kweli na kwa sababu gani, maana nikiandika tu kwamba "si kweli" hakuna atakayenisikiliza.

Mwalimu wa Kemia, Moshi

Dada, umefanya vyema kuomba sababu. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Iliyomo kwenye maji ya kisima si mdudu anayekufa kwa joto wala si gesi inayotoroka ukifunua sufuria, bali ni ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilizoyeyuka majini kama zilivyo zile za chumvi ya mezani. Maji yakichemka, yanayoondoka ni maji yenyewe katika umbo la mvuke, na vilivyoyeyuka vinabaki chini. Mtu yeyote aliyewahi kusahau supu jikoni ikapungua anajua kwamba ile iliyobaki huwa na chumvi kali zaidi kuliko ya mwanzo.

Wapigie hesabu. Tuseme maji yenu yana miligramu 3 za floraidi kwa lita, nanyi mmeweka lita 10 motoni. Sufuria nzima ina miligramu 30. Mkichemsha nusu saa na lita 2 zikapotea kwa mvuke, miligramu zile 30 sasa zimo katika lita 8, na kila lita ina miligramu 3.75. Kadiri shemeji anavyochemsha kwa muda mrefu ndivyo kiwango kinavyopanda. Angekuwa na chombo cha kunasa ule mvuke na kuupoza, hapo angepata maji yasiyo na floraidi, lakini hiyo ni kazi nyingine kabisa na inakula kuni nyingi.

Nakusihi jambo moja kabla hujajibu kundini. Usiandike kwamba kuchemsha hakusaidii, ukaishia hapo. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na kwa mtoto wa umri wa mwanao kuhara kunaweza kumwua ndani ya siku chache, wakati madhara ya floraidi yanajengeka kwa miaka. Nimeona masahihisho ya aina hiyo yakisambaa yakiwa nusu, watu wakaacha kuchemsha, na wakawa wamebadilishana tatizo dogo kwa kubwa. Acheni maji yachemke vizuri, mwepue mara moja, bila kuyaacha yakipungua kwa nusu saa.

Ukoko wa birika ni hadithi tofauti. Sehemu yake kubwa ni kaboneti za kalsiamu na magnesiamu, ambazo hujitenga na maji yakipata joto. Floraidi kidogo inaweza kunaswa humo, lakini si kiasi cha kutegemea. Tena maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na hiyo ndiyo sababu mojawapo floraidi inabaki majini: kalsiamu ingekuwa nyingi, zingeungana na kutuama kama floraidi ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Kwa hiyo birika lisilo na ukoko hata kidogo laweza kuwa la maji yenye floraidi nyingi kuliko lile lenye ukoko mzito.

Kuhusu uangavu, sitasema mengi. Floraidi haina rangi, na kwa viwango tunavyovizungumzia haina ladha wala harufu. Ule mto wa Maji ya Chai una sifa ya kuwa na floraidi nyingi, ni kweli, lakini wekundu wa maji si floraidi, na kisima kirefu chenye maji maangavu kama kioo kinaweza kuuzidi.

Mkaa ndio uliochanganya watu zaidi, kwa sababu umebeba chembe ya ukweli. Kuna mkaa unaoondoa floraidi, nao ni mkaa wa mifupa, kwa kawaida ya ng'ombe, iliyochomwa kwa joto la mamia ya nyuzi penye hewa kidogo. Mfupa umejengwa kwa fosfati ya kalsiamu, na floraidi hushikamana nayo maji yanapopita taratibu. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeufanyia kazi mkaa huo kwa miaka mingi, na nadhani habari zake ndizo zilizofika kundini kwenu zikiwa zimepoteza neno "mifupa" njiani. Mkaa wa kuni hauna fosfati hiyo. Wala msijaribu kuchoma mifupa nyumbani, kwa maana isipoiva sawasawa maji yatanuka na hamtajua kama yamesafika.

Kijana wa Sakina

Shikamoo Mwalimu. Nina swali la upande wa pili. Marekani wanatia floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi, na dawa zetu za meno zimeandikwa kwamba zina floraidi. Inakuwaje kitu hicho hicho kiwe dawa kwao na sumu kwetu? Bibi yangu amekunywa maji ya Arumeru maisha yake yote, ana meno ya kahawia, lakini anatafuna miwa kunishinda. Wazee wanasema rangi ile ni ya ukoo.

Tabibu wa Meno, Arusha

Kijana, jibu la swali lako limo kwenye kipimo, na historia yake inavutia kwa sababu ilianzia katika mji unaofanana na wetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, mji ulio chini ya mlima nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine wakalaumu maziwa mabovu. McKay alifuatilia kwa miaka mingi akashuku maji, na mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akapima na kuthibitisha kwamba chanzo ni floraidi. Katika kufuatilia huko McKay aliona pia kile unachokiona kwa bibi yako, kwamba meno yenye madoa hayakuwa mepesi kuoza. Hapo ndipo wazo la kiwango kidogo chenye manufaa lilipozaliwa, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kutia floraidi kwenye maji yake.

Sasa linganisha vipimo. Marekani leo inapendekeza miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 1.5. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi 4, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo vizuri na si kwa sababu miili yetu ni tofauti, na baadaye ikashusha ukomo hadi 1.5. Katika baadhi ya vyanzo vya miteremko ya Meru kipimo huzidi 10. Mtu anayenukuu Marekani ili kututuliza na mtu anayenukuu Meru ili kukataza dawa ya meno wanafanya kosa moja, kwa kuwa wote wawili wametaja floraidi bila kutaja ni kiasi gani.

Kuhusu ukoo, naelewa kwa nini wazee wanasema hivyo. Ndugu waliolelewa nyumba moja hunywa kisima kimoja, basi meno yao hufanana. Lakini mpeleke mtoto wa ukoo huo huo akalelewe penye maji yenye floraidi kidogo, naye meno yake yatatoka meupe. Madhara haya hutokea wakati gamba gumu la jino linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Jino huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chaki, na ule ukahawia huingia baadaye, kwa kuwa gamba lina vitundu vidogo vinavyonyonya rangi. Ndiyo maana mtu mzima aliyehamia Arusha akiwa na miaka 30 hawezi kupata madoa hayo kwa maji ya hapa, na ndiyo maana kusugua kwa mkaa, majivu au mchanga hakutoi kitu zaidi ya kulila jino. Kwa mtu mzima wasiwasi ni mwingine: viwango vya juu sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa na viungo, na kwa watoto vinaweza kupinda miguu.

Mama wa Tengeru, mwanao yuko katikati ya kipindi chenyewe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo kama bado ananyonya, endelea. Uji ni suala jingine, maana maji yote ya uji yanaingia tumboni mwake. Kama mnaweza kupata maji salama kidogo tu, ya mvua au ya chanzo kilichopimwa, yatengeni kwa uji wake na kwa kunywa. Kuoga, kufua na kuosha vyombo tumieni ya kisima bila hofu, kwa kuwa floraidi hiyo haipenyi ngozi kwa kuoga. Chai ya rangi usimzoeze, kwa sababu majani ya chai nayo yana floraidi.

Naongeza jambo ambalo wenzetu wa Moshi hulisahau kwa kuwa maji mengi ya miteremko ya Kilimanjaro yana floraidi kidogo. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi mara nyingi huwa na floraidi, baadhi yake nyingi sana, na utafiti uliofanywa Tanzania umeyahusisha na meno ya kahawia hata mahali ambapo maji hayana shida. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Mama wa Tengeru

Ahsanteni sana, nimeelewa. Je, mtoto huyu nimpigishe mswaki kwa dawa yenye floraidi au niache kabisa? Na Mwalimu, kwa shemeji nianzeje?

Tabibu wa Meno, Arusha

Usiache. Dawa hufanya kazi juu ya jino bila kumezwa. Kwa umri wake paka kidogo mno, kama punje ya mchele, umsugulie mwenyewe, kisha umfute mdomo.

Mwalimu wa Kemia, Moshi

Mpigie simu kabla ya kuandika chochote kundini. Mwambie kwamba alilosema kuhusu kuchemsha ni sahihi kwa upande wa vijidudu, kisha mpe ile hesabu ya lita 10 na lita 8, aifanye mwenyewe kwa kalamu. Baada ya hapo mwombe yeye ndiye aandike nyongeza. Ujumbe wa kwanza ulisambaa kwa sababu ni wake, na wa pili utasambaa kwa sababu hiyo hiyo, jambo ambalo halitatokea ukiuandika wewe au mimi.

Fundi wa Maji, Usa River

Nimesoma yote, na naona kitu kimoja hakijasemwa: hadi sasa hakuna anayejua kisima chenu kina kiasi gani. Ile 3 ya Mwalimu ni mfano tu. Hapa kwetu visima viwili vilivyo umbali mfupi vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya jirani hayawasaidii. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Arusha mjini. Chukueni maji kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kugusana na kioo ikaharibu kipimo. Acheni pampu ifanye kazi kwa muda kwanza, ili msipime maji yaliyolala kwenye bomba.

Kipimo kikizidi 1.5, msikimbilie kununua chujio la kwanza mtakaloona. Machujio ya mshumaa wa udongo na vidonge vya klorini vinashughulikia vijidudu, havigusi floraidi. Yanayofaa ni ya mkaa wa mifupa, au mitambo inayosukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye utando mwembamba, ambayo inahitaji umeme na inamwaga sehemu ya maji. Ipo pia njia ya kutia shabu na chokaa kisha kuacha maji yatuame, lakini inahitaji mtu makini wa kupima dawa kila siku, na katika kisima cha mtaa mtu huyo huchoka upesi.

Mkichagua mkaa wa mifupa, mkumbuke kwamba hujaa. Ukishajaa, maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu vilevile huku floraidi ikipita kama kawaida, kwa hiyo muuzaji asiyewaambia lini mbadilishe, kwa kadiri ya kipimo chenu na lita mnazotumia, mwacheni. Gharama ya kupima gawaneni nyumba zote, kisha mpime tena kiangazi na masika, maana kiwango kinaweza kubadilika.