Tupeane uzoefu: kusoma chuo kwa mtandao, nini kinakubeba na nini kinakukwamisha?

Wakuu, habari za jioni. Machi 2020 vyuo vyetu hapa Tanzania vilifungwa kwa sababu ya corona mpaka Juni 1, na wengi tulikaa nyumbani bila kipindi hata kimoja. Leo hali ni nyingine. Mimi nasoma shahada ya pili kwa mtandao, jioni nikitoka kazini. Bando linauma, ndiyo, ila kwa niliyoyaona, kinachomwangusha mwanafunzi zaidi ni mhadhiri asiyejibu. Somo moja tuliwekewa slaidi tu kwenye Moodle, ile tovuti ya masomo ya chuo, maswali yetu yakakaa pale wiki nzima hayajaguswa. Karibu nusu ya darasa tulipata sapu, yaani kurudia mtihani. Mhadhiri wa takwimu, muhula huo huo, alikuwa anapitia maswali yote kila Jumatano usiku, kwa sauti, swali kwa swali. Hata waliokuwa wanaogopa hesabu walitoboa. Nyie wenzangu mmepitia yapi?

Mdau, Songea
Mkuu, mhadhiri hata awe mzuri vipi, bando likikata umemkosa. Saa moja ya Zoom kamera zikiwa wazi inaweza kumaliza GB nzima. Tulimwomba wa kwetu atume slaidi mapema, kisha afundishe kwa sauti tu. Saa hiyo hiyo haifiki MB 100. Watu wakaanza kubaki mpaka mwisho wa kipindi.

Mama wa wawili, Mbagala
Kwangu mtandao upo. Shida ni kwamba ukikaa nyumbani na simu, watu wanaona huna kazi. Nimevaa hedifoni, mhadhiri yuko katikati ya mada, mama mkwe ananiita nikachambue mchele. Mume wangu ndiye aliyekaa naye akamweleza: saa mbili hadi saa nne usiku mwenzangu yuko darasani. Tangu siku hiyo watoto analala nao bibi yao. Dada zangu, semeni na watu wa nyumbani kabla muhula haujaanza.

Mwenzenu, Eldoret
Huku Kenya 2020 tulisomea ushago, yaani kijijini, stima inapotea wakati wowote. Kilichoniokoa ni wenzangu watatu. Lekcha ikiisha tunapigiana simu, kila mtu anaeleza sehemu yake. Ukishindwa kuieleza, unajua hujaielewa, na CAT, ile mitihani ya katikati ya muhula, bado haijafika.

Mwanafunzi wa uuguzi
Nadharia sawa. Lakini kutafuta mshipa wa mgonjwa huwezi kujifunza kwenye video, lazima mkono uguse mkono.

Mleta mada
Asanteni sana, hasa dada wa Mbagala. Mdau wa Songea, huyo mhadhiri mlimwingiaje? Tuna mmoja anayetaka kamera ziwe wazi saa mbili nzima.

Mdau, Songea
Kupitia CR, yaani mwakilishi wa darasa, mkuu. Barua moja ya darasa zima, tukaandika bei ya bando na idadi ya wanaotoka kabla kipindi hakijaisha. Alikubali siku hiyo hiyo.