Vitabu vya kuvaa mavazi ya jinsia nyingine na vya transijenda: viachwe rafuni au viondolewe?

Mleta Mada

Wadau, naileta mada hii nikijua baadhi yenu mtanuna. Vitabu vinavyohusu watu kuvaa mavazi ya jinsia nyingine, na vile vinavyohusu transijenda, yaani watu wanaojiona ni wa jinsia tofauti na waliyohesabiwa walipozaliwa, viendelee kuwepo maktaba na madukani au viondolewe? Nimechoka kuona suala hili likiamuliwa na watu ambao kitabu chenyewe hawajakifungua. Mmoja kaona jalada, mwingine katumiwa picha ya ukurasa mmoja kwenye simu, na hukumu tayari imeshatoka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msinitafute. Kwa mtu mzima viachwe vyote, vikiwemo vinavyopinga. Kwa mtoto mdogo, mzazi ajulishwe na awe na sauti juu ya mtoto wake, si juu ya watoto wa mtaa mzima.

Halafu tuache kuchanganya mambo. Kisa cha mtu kujigeuza kwa mavazi ni cha zamani sana. Katika Alfu Lela Ulela yumo Binti Mfalme Budur, ambaye mumewe Kamaruzamani anapotea safarini, naye anavaa nguo za mume, anapokewa ugenini kama mwanamume, anaozwa binti wa mfalme na kukabidhiwa ufalme. Shakespeare ndiye usiseme. Mwaka 1969 Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi, na humo wanawake watatu wanavaa kiume: Portia, Nerissa na Jessica. Portia anaingia mahakamani kama mwanasheria, anamwokoa Antonio, anayedaiwa ratili ya nyama ya mwili wake kwa deni, kwa ile hoja ya kukata nyama bila kumwaga damu, kisha anamdai mume wake mwenyewe pete aliyomvisha, na mume anaitoa bila kumtambua! Kumbukeni pia kwamba enzi za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani kule Uingereza, kwa hiyo aliyekuwa anaigiza ni mvulana aliyevaa kike akijifanya mwanamke aliyevaa kiume. Watu walilipa kiingilio wakacheka. Tamthilia hii imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na sijawahi kusikia mzazi akiandamana.

Tofauti na hivyo ni simulizi ya mtu anayesema kwamba kwake suala si nguo, ni nafsi. Mfano ninaoupenda ni Jan Morris, mwandishi wa habari aliyeongozana na msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953, wakati huo akijulikana kama James. Mwaka 1972 alifanyiwa upasuaji Casablanca, na mwaka 1974 akatoa Conundrum, kitabu cha maisha yake. Anaanza na kumbukumbu ya utotoni, akiwa na miaka mitatu au minne, amekaa chini ya piano mama yake akipiga, na hapo ndipo anasema alijua amezaliwa katika mwili usio wake. Ila sehemu iliyonikaa kichwani ni nyingine kabisa. Anasimulia kwamba watu walipoanza kumchukulia kama mwanamke asiyeweza kupiga rivasi wala kufungua chupa, alijikuta kweli anashindwa kupiga rivasi na kufungua chupa. Mtu aliyepanda Everest! Mwandishi wa Marekani Nora Ephron alikikosoa kitabu hicho vikali, akiona mwanamke anayechorwa humo ni wa kizamani mno. Mimi namwelewa Ephron, na bado nasema kitabu kile kina thamani, kwa sababu ni wachache wanaoweza kutueleza jinsi dunia inavyomtendea mtu yule yule akiwa pande zote mbili.

Kelele zenyewe lakini ziko kwenye vitabu vya watoto na vijana. Kwa orodha za Chama cha Maktaba cha Marekani, kitabu kilichoongoza kwa kulalamikiwa mwaka 2018, 2019 na 2020 ni kile cha Alex Gino kilichotoka kwa jina George na sasa kinaitwa Melissa. Kuanzia 2021 hadi 2023 akaongoza Maia Kobabe na Gender Queer. Vitabu hivi vinatajwa pamoja kila mara kama mapacha, na si mapacha. Melissa ni hadithi ya mtoto wa darasa la nne ambaye watu wanamwona mvulana, naye anataka kuigiza nafasi ya buibui wa kike kwenye mchezo wa shule. Gender Queer ni kumbukumbu za mtu mzima katika michoro, na michache kati ya michoro hiyo inaonyesha mambo ya ngono. Anayesema vyote viwili ni "uchafu" hajavisoma. Anayesema vyote viwili ni vya mtoto wa miaka tisa naye hajavisoma.

Karibuni.

Kipara Ngoto

Mkuu, mada nzito. Nafuatilia nikiwa nimekaa mlangoni.

Mama wa Watatu

Mleta mada, umeandika vizuri ila umekwepa pagumu. Unasema "mzazi ajulishwe". Ajulishwe na nani, lini? Kule kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, vitabu vya hadithi vyenye maudhui haya viliingizwa kwenye masomo kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Mwanzoni wazazi waliruhusiwa kuwaondoa watoto darasani, baadaye ruhusa ikafutwa. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakaenda mahakamani pamoja, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki kwa kura 6 dhidi ya 3. Hawakuomba vitabu vichomwe. Waliomba kuambiwa mapema na watoto wao watoke. Kama hilo tu lilihitaji kufika mahakama ya juu kabisa, basi msituambie eti sisi wazazi ndio wakali.

Kalamu Kavu

Mimi nina ugomvi na mgawanyo wako, mleta mada. Umetenga mavazi huku, nafsi kule, kana kwamba kuna ukuta. Haya, Lili Elbe utamweka wapi?

Kwa wasiomjua: alikuwa mchoraji wa Denmark, Einar Wegener, mume wa mchoraji Gerda. Siku moja mwanamke aliyekuwa akikaa ili Gerda amchore hakutokea, Gerda akamwomba mumewe avae soksi na gauni amalizie picha. Ilianza kama mzaha wa nyumbani. Miaka ikapita, yule wa kwenye picha akawa ndiye mwenye nyumba. Akafanyiwa upasuaji mara kadhaa Ujerumani, na Septemba 1931 akafariki Dresden baada ya ule wa mwisho. Ukuta wako uko wapi hapo?

Na kuna jingine. Kitabu chake, Fra Mand til Kvinde (Kutoka Mwanamume hadi Mwanamke), kilitoka mwaka huo huo 1931 baada ya kifo, kimepangwa na mhariri aliyejificha nyuma ya jina la Niels Hoyer, na mhusika kapewa jina la bandia la Andreas Sparre. Mwaka 2000 David Ebershoff akaandika riwaya, The Danish Girl, na Gerda akageuzwa kuwa Greta, Mmarekani wa California. Mwaka 2015 ikawa filamu. Watu wengi wanaosema "nimesoma habari za Lili" wamesoma habari za mwanamke ambaye mkewe hakuwahi kuwepo. Kwangu swali la kwanza kwa kitabu cha namna hii si kama kinaharibu watoto. Naanza na nani anasema, na kwa ruhusa ya nani.

Mleta Mada

@Kalamu Kavu Ukuta nauondoa, naweka kizingiti. Portia anavua joho, anarudi kwake Belmont, hadithi imekwisha. Lili hakurudi. Ninachokataa ni mtu kumhukumu Lili kwa kutumia Portia, au kumpiga marufuku Portia kwa kumwogopa Lili. Kuhusu nani anasema, nakubaliana nawe asilimia mia.

Ustadh wa Jioni

Assalamu alaykum. Mleta mada anataja Budur na Portia kana kwamba ni hoja. Hao walivaa kwa dharura, na waandishi wao hawakumwambia msomaji kwamba hivyo ndivyo walivyo. Katika dini jambo hili halina kificho: Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Ndugu zetu Wakristo wanalo katika Kumbukumbu la Torati 22:5. Muumini anapokataa kitabu kama hiki nyumbani kwake si kwamba hajasoma. Amesoma vingine vilivyo juu zaidi kwake. Mnatudai tuvisome vyote kwanza ndipo tupate haki ya kusema hapana?

Kalamu Kavu

Ustadh, heshima kwako. Ila Iran, chini ya Ayatollah Khomeini mwenyewe, miaka ya 1980 ilitoka fatwa ya kuruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, baada ya Maryam Khatoon Molkara kuhangaika miaka mingi kuidai. Kwa hiyo hata ndani ya dini hakuna kauli moja.

Ustadh wa Jioni

Hiyo ni fatwa ya Kishia, na ilisimama kwenye msingi wa matibabu. Hata huko mwanamume kuvaa kike mtaani bila hayo si ruhusa. Ukiitaja, itaje yote.

Kalamu Kavu

Haki yako. Naichukua yote.

Koti la Mapacha

Mnaongea juu ya waliobadili jinsia na wahusika wa Shakespeare. Mimi ni mwanamume, nina mke, navaa gauni nyumbani baadhi ya siku, na sina mpango wa kuwa mwanamke. Vitabu vinavyonihusu viko wapi? Kwenye riwaya za kutisha! Psycho ya Robert Bloch, 1959: muuaji amevaa nguo za mama yake. The Silence of the Lambs ya Thomas Harris, 1988: muuaji anashona vazi la ngozi za wanawake. Harris hata anamfanya mhusika mwingine, Daktari Lecter, aeleze kwamba yule si transijenda wa kweli, lakini nani anakumbuka mstari huo? Kinachokumbukwa ni cherehani. Daktari wa Ujerumani, Magnus Hirschfeld, aliandika kitabu kizima mwaka 1910 akieleza kwamba wengi wa watu kama mimi si mashoga na si wahalifu, ni watu wa kawaida wenye kazi na familia. Tangu 1910! Na sasa ninyi mnajadili kama nifungiwe rafuni ili watoto wasinione. Riwaya za wauaji hamjazigusa.

Kipara Ngoto

Nimeingia ndani sasa. Endelea mkuu.

Rafu ya Nyuma

Nafanya kazi maktaba, kwa hiyo nitasema ya kazini. Kitabu kikilalamikiwa kinatakiwa kipitie utaratibu: mlalamikaji aandike ni ukurasa gani na kwa nini, kamati ikisome chote, kisha iamue kama kibaki, kihamishwe rafu ya watu wazima, au kitoke. Kuhamisha ndiko watu hawakutaki, wakati ndilo jibu la busara mara nyingi. Gender Queer kwenye rafu ya watu wazima ni sawa kabisa kwangu.

Koti la Mapacha kamtaja Hirschfeld, ngoja nimalizie. Taasisi yake ya Berlin, aliyoianzisha mwaka 1919, ilivamiwa na wanafunzi wa Kinazi Mei 6, 1933. Siku nne baadaye vitabu na majalada yake vilitupwa motoni hadharani. Majalada ya watu, si hadithi. Hayakurudi.

Ila nina neno pia kwa upande ninaoelekea kuuunga mkono. Mwaka 2021 Amazon iliacha kuuza When Harry Became Sally, kitabu cha Ryan T. Anderson cha 2018 kinachopinga dhana nzima ya kubadili jinsia. Niliona watu waliokuwa wakililia uhuru wa Gender Queer wakishangilia. Mimi kitabu cha Anderson sikubaliani nacho, na ningekiweka rafuni kesho.

Mama wa Watatu

@Rafu ya Nyuma Asante kwa la Anderson, ni wachache wanaolisema. Ila la Wanazi liweke kando. Kila mzazi akiuliza "mtoto wa miaka sita?" anajibiwa kwa moto wa 1933. Mimi sijawasha kiberiti.

Rafu ya Nyuma

Sikukulenga wewe. Lakini nimeshapokea barua ya kutaka rafu nzima iondolewe, watu wazima na wote, bila kutaja ukurasa hata mmoja. Huyo nilimlenga.

Mleta Mada

Mama wa Watatu, nirudi kwenye pagumu ulikosema nimekwepa. Kesi ya Maryland ilihusu somo. Somo mtoto halichagui, amekaa darasani na mwalimu anasoma kwa sauti. Hapo nakubali bila masharti: mzazi aambiwe mapema, na akisema mtoto wake atoke, atoke bila kuzomewa. Maktaba ni kitu kingine. Melissa ikikaa kwenye rafu ya watoto wa miaka kumi, hakuna aliyelazimishwa kuichukua. Wewe mwambie mwanao asiichukue, ni haki yako. Ukisema isikae pale kabisa, umeshamwamulia na mtoto wa Koti la Mapacha.

Na Ustadh, hapana, sikudai usome vyote ndipo uvikatae nyumbani kwako. Nadai usome kimoja kabla ya kukiondolea wengine.

Ustadh wa Jioni

Hilo la mwisho nalikubali. La Portia bado sijalikubali.

Mama wa Watatu

Somo tumemaliza, tumekubaliana. Rafu bado. Mtoto wa miaka kumi hachagui peke yake kama unavyofikiri, anachukua kilichowekwa usawa wa macho yake, na kuna mtu mzima aliyekiweka hapo. Nataka kujua huyo mtu mzima anachagua kwa vigezo gani. Rafu ya Nyuma, hilo ni la kwako.

Rafu ya Nyuma

Ni la kwangu, na ni swali zuri. Nikitoka zamu jioni naja na vigezo vyenyewe tuvipitie kimoja kimoja.