Binti yangu ni kiziwi: bweni la mbali au shule ya jirani? Naomba ushauri

Mama Tumaini: Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka saba, kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Tuko kijijini, wilaya ya Kilosa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amekubali kumpokea, anasema siku hizi elimu ni jumuishi. Nilimshukuru sana. Lakini pale hakuna mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama, na darasa la kwanza limejaa hadi mlangoni. Afisa elimu maalumu anashauri shule ya viziwi ya bweni, mkoa mwingine. Bibi yake hataki: "Akionewa huko atamwambia nani?" Baba anasema tungoje akue. Nyumbani tunaelewana kwa ishara zetu tu: kula, lala, njoo. Nifanyeje jamani?

Mwalimu wa Kitengo: Hongera mama kwa kutomficha. Kungoja, hapana. Wanaoletwa kwetu wakubwa bila lugha yoyote tunaanza nao kwenye majina ya vitu, wakati rika lao linasoma hadithi. Na alama mtoto hazipati kwa mwalimu peke yake. Anazipata bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya uji, kwa viziwi wenzake. Akiwa kiziwi pekee shuleni atakaa dawati la mbele, atanakili ubao kwa mwandiko mzuri, na hatajua amenakili nini. Nimewaona wakipandishwa madarasa hivyo hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya hapa Tanzania, ya 2010, inataka mtoto asome shule ya kawaida, isipokuwa panapohitajika mawasiliano maalumu. Ndiyo hali ya binti yako.

Mtetezi: Mwalimu, hapo napinga. Natumia kiti mwendo. Tumehangaika miaka mingi tusitengwe na wenzetu, leo tunarudi kwenye shule za peke yao? Wazazi wakikubali kupeleka watoto mbali, hakuna halmashauri itakayoajiri mwalimu wa alama kijijini.

Kiziwi wa Tanga: Ndugu Mtetezi, hoja ya ajira ni kweli na tuidai pamoja. Ila wewe ukipata njia ya mteremko na choo, ukiingia darasani unamsikia mwalimu. Mimi ningeingia na kuona midomo inachezacheza. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inadai elimu jumuishi, na humo humo inataka lugha ya alama ifundishwe na utambulisho wa kilugha wa viziwi ulindwe.

Mama, mwambie bibi ana haki ya kuogopa. Lakini mtoto asiye na lugha hawezi kumtaja aliyemwonea hata akiwa nyumbani kwenu. Mpeni lugha, ndipo ataweza kushitaki. Na ninyi jifunzeni; ulizieni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Mimi likizo nilikuta ukoo mzima unacheka, nikiuliza kuna nini naambiwa "baadaye". Iliniuma kuliko bweni.

Mama Furaha, Ohio: Miye ni Mkongomani. Kwetu Bukavu walisema mtoto wangu karogwa, wakataka maombi tu. Huku Marekani kuna sheria tangu 1975: shule inakaa na mzazi, wanaandika mpango wa masomo ya mtoto, na mkalimani wa Kiswahili wanamtafuta wao. Kwa kiziwi lazima wafikirie kama atapata wenzake wa kuongea nao kwa lugha yake. Shule za viziwi zipo pia, ya Ohio ni ya 1829, na wazazi wanavutana kama ninyi.

Jirani wa Kisumu: Kwetu Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya (ninyi mnasema lugha ya alama), na ni somo la kutahiniwa. Mshinikizeni mbunge wenu. Pia apimwe masikio upya.

Mama Tumaini: Asanteni. Nimeanza kumwelewesha baba yake. Nikienda kuiona hiyo shule niangalie nini?

Mwalimu wa Kitengo: Nenda siku ya masomo, bila kutoa taarifa. Tazama kama walimu wanazungumza na watoto kwa alama au wanawaelekeza kwa kidole tu. Ulizia mwalimu au mlezi aliye kiziwi mwenyewe. Kisha bweni la wasichana: nani analala zamu, mlango unafungwaje, mtoto akionewa usiku anamwendea nani. Kama matroni hajui alama, usimwache pale. Rudi kwa afisa, mwombe akutafutie shule ya kawaida yenye kitengo cha viziwi ndani ya mkoa.